Dawa za Njozi: Nani Ataketi Kando ya Mgonjwa?

Mwaka jana, baada ya alizeti kuvunwa, mama mmoja alitungojea nje baada ya ibada. Hakutaka kuzungumza mlangoni pa kanisa mbele ya watu, akatuomba tusogee hadi kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba ya mchungaji. Wenyeji wa Singida mnajua jinsi mawe yetu yalivyosikia siri za watu. Mama huyu alifiwa na binti yake wakati wa kujifungua, miaka mitatu iliyopita. Tangu siku ile, kwa maneno yake mwenyewe, alibaki miguu tu. Moyo ulizikwa pamoja na mtoto.

Alifungua simu akatuonyesha ujumbe wa mdogo wake aishiye Marekani. Mdogo mtu alimwandikia kwamba huko, watu walioshindikana kwa vidonge vya sonona hupewa dawa iitwayo ketamini, huona njozi kwa muda mfupi, kisha huamka mzigo umepungua. Mama akatutazama. "Nesi, ketamini si mnayo hapo hospitali? Mimi nilichomwa hiyo nilipopasuliwa. Basi kwa nini msinichome tena?"

Siku ile hatukuwa na jibu la kumpa. Tulimwambia tutaulizia, nasi tukaulizia kweli, kwa matabibu, kwa wenzetu waliosomea magonjwa ya akili, na katika maandishi ya wataalamu. Makala haya ni jibu letu. Yeye mwenyewe ameturuhusu tueleze habari zake, mradi tusimtaje.

DAWA HIZI NI ZIPI?

Ziko dawa ambazo humfanya mtu, kwa saa chache, aone na kuhisi mambo asiyoyaona kila siku. Rangi hubadilika, kumbukumbu za zamani huja kana kwamba ni za leo, na mtu aweza kujiona yuko nje ya mwili wake. Mojawapo ni LSD, ambayo nguvu yake iligunduliwa na mkemia Albert Hofmann huko Uswisi mwaka 1943. Nyingine ni silosibini, itokayo katika aina fulani za uyoga. Ya tatu ni MDMA, ambayo vijana wa mijini huijua kwa jina la ekstasi. Hii haileti njozi nyingi, bali huondoa hofu na kulainisha moyo. Miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Ulaya na Marekani walizijaribu LSD na silosibini kwa wagonjwa wa nafsi. Kisha zikaingia mitaani, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 ukaziweka LSD na silosibini katika kundi linalobanwa kuliko yote. MDMA iliongezwa humo mwaka 1986. Nchini kwetu pia ni dawa za kulevya, na kuwa nazo ni kosa la jinai.

Ketamini iko mbali kidogo na hizo. Ilitengenezwa mwaka 1962, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1970, na tangu mwaka 1985 imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Kwetu sisi wa hospitali za vijijini ni rafiki wa zamani. Ni nusukaputi isiyozuia pumzi kwa urahisi wala kushusha presha, kwa hiyo hata pasipo mashine kubwa mama aweza kupasuliwa akapona. Mwaka 2015, palipokuwa na pendekezo la kuibana kimataifa, Shirika la Afya lilikataa kwa sababu hospitali kama zetu zingekosa namna ya kufanya upasuaji.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa habari kwamba dozi ndogo, iliyopitishwa kwenye mshipa taratibu, iliwapunguzia sonona wagonjwa wachache kwa muda wa saa na siku, si wiki kama vidonge. Ndugu yake, esketamini, ambayo hupuliziwa puani, iliruhusiwa Marekani mwezi wa Machi 2019 kwa watu ambao sonona yao imekataa dawa nyingine. Mgonjwa haendi nayo nyumbani. Huipata mbele ya mhudumu, huangaliwa kwa saa mbili angalau, wala haruhusiwi kuendesha gari hadi kesho yake baada ya kulala.

Kwa hiyo mdogo mtu wa Marekani hakusema uongo. Ila alisahau kumwambia dada yake habari za yule anayeketi kando.

KOSA TULILOLITENDA

Hapa yatupasa tukiri jambo. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo hatutaitaja, tulikuwa zamu ya usiku wawili tu. Aliletwa dada mdogo ambaye mimba yake iliharibika, akapewa ketamini ili asafishwe kizazi. Kazi ilikwisha vizuri, damu ikasimama, presha ikawa nzuri. Mmoja wetu akaenda kuchemsha vyombo, mwingine akaitwa chumba cha kujifungulia. Yule dada akaamka peke yake, taa inamulika machoni, sauti za watu zinagongana ukutani. Tulimkuta nusu ya mwili iko nje ya kitanda, analia kwamba amefukiwa.

Tulifanya walivyofanya waliotutangulia. Tukamwambia, "Nyamaza mama, ni dawa tu, itaisha." Asubuhi akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Miezi kadhaa baadaye tulimkuta kliniki amemsindikiza shangazi yake. Akatuambia kwa sauti ndogo kwamba tangu usiku ule hajalala bila taa. Katika njozi ile aliona amezikwa pamoja na mtoto wake, na udongo ulikuwa wa moto. Hatukuwa tumemwuliza aliona nini. Hata kwenye faili tuliandika "amezinduka vizuri".

Vitabu vya dawa husema kwamba karibu wagonjwa 12 katika kila 100 huamka kwenye ketamini wakiwa na njozi, fadhaa au kuchanganyikiwa. Jambo hilo tulifundishwa chuoni, nasi tulilikariri kwa mtihani. Hatukufundishwa, au labda hatukusikia, kwamba njozi ile yaweza kuwa na maana kwa aliyeiona, na kwamba mgonjwa apewapo dawa hiyo akiwa na msiba mbichi huingia nao huko aendako. Siku hizi tunamweleza mgonjwa kabla ya sindano kwamba aweza kuona mambo, kwamba yatapita, na kwamba fulani atakuwa hapo akiamka. Twapunguza taa. Twawanyamazisha wanaopiga kelele koridoni. Nguo ikifunuka twaifunika. Na akiisha kunywa chai twamwuliza: uliona nini? Hayo hayahitaji fedha, ila yahitaji mtu mmoja asiyeitwa kwingine, na mtu huyo ndiye adimu kuliko dawa.

KAZI YA SAA 84

Watu wengi wanaposikia habari za tiba hii hudhani siri iko ndani ya kidonge. Wataalamu wenyewe husema sivyo. Kidonge hulainisha udongo, lakini kulima ni kazi ya mazungumzo. Chukua mfano wa majaribio makubwa ya MDMA yaliyofanywa kwa watu wenye kiwewe, yaani waliopitia vita, ubakaji au ajali na bado wanaishi ndani ya siku ile. Kila mgonjwa alikuwa na washauri wawili. Kwanza walikaa naye mara tatu, saa moja na nusu kila mara, kumtayarisha. Kisha vikao vitatu vya dawa, vya saa nane kila kimoja, vikiachana kwa takriban mwezi. Baada ya kila kikao cha dawa, vikao vitatu vingine vya kuzungumza juu ya yale yaliyotokea. Jumlisha, utapata saa 42. Zidisha kwa washauri wawili, ni saa 84 za kazi kwa mgonjwa mmoja. Hizo ni zaidi ya wiki mbili nzima za mtumishi mmoja, hafanyi jambo lingine.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalivutia sana. Katika wagonjwa 90, waliopata dawa pamoja na mazungumzo, 67 kwa kila 100 hawakuhesabika tena kuwa na kiwewe. Lakini hebu tazama na upande wa pili: waliopata mazungumzo yale yale na kidonge kisicho na dawa, 32 kwa kila 100 nao walifikia hapo. Kwa kuketi na kusikilizwa tu! Sisi tuliposoma tarakimu hiyo ya pili tuliisoma mara mbili.

Hata hivyo, mwezi wa Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiruhusu MDMA na kudai jaribio jingine. Sababu zilikuwa kadhaa. Karibu kila mgonjwa aliweza kutambua kama amepewa dawa ya kweli au la, hivyo ni vigumu kujua matumaini yamefanya kazi gani. Mazungumzo yenyewe hayakupimwa, wala haikujulikana kama kila mshauri aliyafanya sawasawa. Na ilihofiwa kwamba madhara mengine hayakuandikwa. Mwezi huo huo jarida moja la kitaalamu lilifuta makala tatu za utafiti huo kwa sababu ya utovu wa maadili katika kituo kimoja cha Canada, ambako mshauri alivuka mipaka ya mwili na mgonjwa wa kike. Kumbuka kwamba walikuwa washauri wawili chumbani, na kamera ikiwaka.

Akina mama, hapo ndipo ugumu wa tiba hii ulipo. Mtu aliye chini ya dawa hizi huwa laini kama nta. Humwamini aliye mbele yake kupita kiasi. Neno lolote atakaloambiwa laweza kuzama ndani. Basi mshauri mwenye tamaa, au mwenye kiburi, au hata mwenye huruma isiyofundishwa, aweza kumwumiza kuliko alivyoumizwa na tukio la kwanza. Mgonjwa akiomba kushikwa mkono, je, ashikwe? Waliofundishwa vizuri hukubaliana jambo hilo siku kabla, akili ikiwa timamu, na wala hawaongezi lolote ambalo halikukubaliwa, hata mgonjwa akiliomba katikati ya dawa.

Mgonjwa akisema amemwona marehemu mama yake, mshauri aseme nini? Asikimbilie kusema ni kweli, wala asiseme ni upuuzi. Amwulize alimwonaje, alivaa nini, alisema nini, na yeye alijisikiaje. Tunasema haya tukijitazama na sisi wa kanisani, maana tunawajua watu wanaosikia ndoto ya mwenzao na papo hapo wana tafsiri yake, tena kwa sauti kubwa.

MAFUNZO YAKOJE?

Mataifa hayajapatana. Australia tangu Julai 2023 inawaruhusu madaktari bingwa wa akili waliopewa kibali maalumu kutumia MDMA kwa kiwewe na silosibini kwa sonona sugu. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilifungua mlango mpana zaidi: mwenye elimu ya sekondari aweza kuwa mwangalizi wa watu wanaotumia silosibini akiisha kusoma saa 120 na kufanya mazoezi saa 40. Sisi tuliosoma stashahada ya uuguzi kwa miaka mitatu na bado tukamwacha yule dada alie peke yake, tunaona saa 120 ni chache. Lakini pia tunajua ziko shahada ndefu zisizomfundisha mtu kunyamaza.

Wagonjwa nao lazima wachujwe. Aliyewahi kupata wazimu, au ambaye ndugu zake wa damu wanao, dawa za njozi zaweza kumrudisha huko. Presha ya juu na ugonjwa wa moyo ni hatari, maana ketamini na MDMA hupandisha vyote viwili. Mjamzito haingii. Anayetumia vidonge vya sonona aweza kulazimika kuviacha kwanza ili atumie MDMA, na kuviacha kwenyewe kwaweza kumwangusha. Ketamini ikitumiwa ovyo huharibu kibofu cha mkojo. Na mwigizaji Matthew Perry wa Marekani, aliyekuwa anatibiwa kwa ketamini, alikufa Oktoba 2023 akiwa peke yake kwenye bwawa la nyumbani, kwa dawa hiyo hiyo aliyoipata kwa njia za panya. Hakuwapo wa kumwinua kichwa.

Tunaongeza onyo la kwetu. Habari za uyoga wa tiba zinasambaa kwa simu, na masika yakija kila mmoja wetu anaokota uyoga. Uyoga wetu wa kula si huo, na wenye sumu huua ini kimya kimya. Mnanaha unaoota majalalani nao huleta maono, lakini ni maono ya sumu: kinywa hukauka, moyo hukimbia, mtu hupoteza fahamu. Tumewapokea watoto waliotafuna mbegu zake.

TUMEMJIBUJE YULE MAMA

Tulipoanza kuulizia, tulimwomba alete vidonge vyake vyote. Akaleta mfuko wa nailoni wenye amitriptilini. Alikuwa anameza kidonge kimoja kidogo usiku, tena vikiisha anakaa wiki mbili au tatu mpaka apate nauli. Hakuna aliyewahi kumwongezea dozi, wala kumwita arudi. Mtu huitwa sugu kwa dawa za sonona akiwa ametumia angalau dawa mbili tofauti, kwa dozi ya kutosha na kwa wiki za kutosha, bila nafuu. Mama huyu hakuwa sugu hata kidogo. Hakuwa ametibiwa.

Na hivyo ndivyo walivyo wengi wetu. Hospitali kuu ya akili, Mirembe, iko Dodoma, kama kilomita 240 kutoka Singida mjini, na madaktari bingwa wa fani hiyo ni wachache mno nchini. Kuzungumza juu ya saa 84 za washauri wawili mahali ambapo mgonjwa hapati dakika kumi za tabibu ni kama kumwuliza asiye na jembe anataka trekta la rangi gani.

Lakini mazungumzo yenyewe, ile sehemu isiyo na kidonge, yapo karibu nasi zaidi. Huko Zimbabwe tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa 14 kwa kila 100, wakati katika kundi jingine walikuwa 50. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Huko Nairobi, wanawake 421, wengi wao walioonja ukatili wa majumbani, walishiriki jaribio la vikao vitano vya dakika 90 vinavyoendeshwa na wahudumu wa afya wa mitaa, na waliopata vikao hivyo walipata nafuu zaidi. Na Moshi pamoja na Bungoma, yatima 640 walishiriki jaribio la tiba ya maongezi ya makundi, washauri wakiwa watu wa kawaida waliofundishwa. Katika sehemu tatu kati ya nne zilizojaribiwa, watoto walioipata walipona kiwewe vizuri zaidi.

Katika mipango hiyo mshauri haachwi peke yake. Yuko mtu mwenye ujuzi ambaye hukutana naye mara kwa mara, humsikiliza alipokwama, humrekebisha. Hili ndilo tulilokuwa tumelikosa katika kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa. Tulikuwa wanawake sita wenye mioyo mizuri na khanga za sare. Tulienda, tukaomba, tukaimba, tukashauri sana. Kushauri kulituzidi. Muuguzi wa afya ya akili aliyesomea Dodoma alipokubali kukutana nasi kila mwezi, alianza kwa kutupa zoezi la kumsikiliza mwenzako dakika kumi bila kutoa ushauri wala mstari. Wanne kati yetu tulishindwa kabla ya dakika tatu.

Yule mama tulimweleza yote tuliyoyaandika hapa, pamoja na kwamba ketamini ya chumba cha upasuaji hatutamchoma, maana hakuna kati yetu aliyefundishwa kumtibu sonona kwayo. Alikasirika. Alisema tunawaonea watu wa kijijini, kwamba cha wazungu kizuri hakifiki kwetu. Hatukubishana naye, kwa kuwa ana haki ya neno lile. Tabibu alimpima, akambadilishia dawa, akampa fluoksetini, na tarehe ya kurudi iliandikwa kwenye kadi. Sisi tukampa siku za Alhamisi, saa tisa alasiri, chumba cha nyuma cha kliniki ya mama na mtoto, mmoja wetu, simu imezimwa.

Alhamisi mbili za kwanza hakuja. Ya tatu alikuja akakaa kimya, akaondoka. Ya sita alikuja na kitenge ambacho binti yake alikuwa amenunua kwa ajili ya kubebea mtoto, kikiwa bado na karatasi ya dukani. Alikikunjua mezani, akatusimulia usiku wa kifo chote kuanzia safari ya bodaboda, saa kwa saa, mpaka giza likaingia chumbani na mwenzetu akaogopa kuinuka kuwasha taa asije akamkatiza.

Bado anameza dawa. Usingizi umerudi, ila si kila usiku. Msimu huu amelima ekari moja ya alizeti, na Alhamisi iliyopita alituuliza kama yule dada aliyeamka peke yake yuko hai, akisema angependa kwenda kumtembelea. Tumeanza kumtafuta.